Kampasi ya Mkinga na hii dhana kwamba utafiti wa maana ni wa maabara tu

Tangu habari za kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe kule Mkinga zianze kusambaa, Tanga hapa hakuna kijiwe ambacho hakijatoa hukumu yake. Ukikaa Ngamiani, barabara yoyote ile, utasikia maneno yaleyale, kwamba sawa tunashukuru, lakini hawa tunawajua kwa uongozi, uhasibu na sheria, sisi bomba la mafuta ya Uganda linatua hapa Chongoleani, tuleteeni mainjinia, tuleteeni watu wa gesi, hayo mengine vijana wetu watasoma halafu warudi kukaa barazani. Kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme, kuna mtu aliandika kabisa kwamba serikali ingefunga kozi zote za fasihi na historia miaka kumi tuone kama kuna kitu kitaharibika, na watu wakamgongea dole. Mi naona tunabishania swali ambalo silo. Mkoa huu umefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka mia na ishirini, labda kuliko mkoa mwingine wowote nchini ukiondoa Dar, na ukiufuatilia huo utafiti mmoja mmoja unakuta kitu ambacho hawa wanaotaka maabara tupu hawakisemi: mara nyingi pale ulipokwama haukukwama kwa kukosa sayansi. Sayansi ilikuwepo, tena ya kiwango cha dunia. Ulikwama kwa kukosa ile sehemu nyingine ambayo leo tunaiita haina faida.

Tuanze na hali ilivyo ili tusije tukaonekana tunampiga mtu ambaye hajasema kitu. Serikali yenyewe imeelemea upande wa sayansi na haifichi. Ile Samia Skolashipu iliyoanza 2022 inawalipia waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, wakasome uhandisi, udaktari, hisabati na kadhalika. Huo mradi wa HEET ambao ndio unajenga kampasi mikoani, ukiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, jina lake lenyewe linazungumzia elimu ya juu kwa mageuzi ya uchumi. Kwa hiyo kijana anayetoka PCM (fizikia, kemia, hisabati) anajua kuna mkono unamsubiri, na yule wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) anajua atapambana na bodi ya mikopo kama kawaida. Mtoto wa dada yangu alipopangiwa HKL kuna jirani alikuja kumpa mama yake pole, pole kabisa ya msibani, na mtoto alikuwa na divisheni wani. Sasa mimi sina ugomvi na skolashipu, nitafika huko. Ugomvi wangu ni na lile hitimisho ambalo watu wanalitoa humo, kwamba basi serikali imeshatuambia utafiti wa kweli ni upi na mwingine ni mapambo.

Maana tukiongelea utafiti, Tanga sio wageni. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi pale Amani, juu kwenye Usambara Mashariki, ya baiolojia na kilimo, na kwa enzi zile ilikuwa moja ya taasisi kubwa za aina yake katika nchi za joto. Walipanda miti ya kila bara, walijaribu mpira, kahawa, kwinini, viungo, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowafungia bahari wakawa wanawatengenezea wanajeshi wao kwinini hukohuko mlimani. Waingereza wakaja wakaendeleza kilimo, kisha wakakihamishia Muguga, Kenya, na Amani ikageuka kituo cha malaria cha Afrika Mashariki nzima. Baada ya uhuru na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1979 ikairithi Amani. Chini tambarare, Mlingano pale Ngomeni, kituo cha utafiti wa mkonge kipo tangu 1934. Na ukitaka kujua jinsi ujuzi bila upana unavyoweza kukuachia kazi, panda Amani leo uangalie mti wa musizi. Mti mzuri, unakua haraka, wataalamu wakaupanda, na baadaye umejisambaza msituni kwa kasi hadi watu wa ikolojia wamehangaika nao miaka na miaka. Aliyeupanda alijua mbao, ndege watakaobeba mbegu zake hakuwapigia hesabu.

Lakini mfano mkubwa ni mkonge, na hapa inabidi nikae kidogo kwa sababu watu wanausimulia nusu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, njiani ikafa ikaisha, iliyofika ikiwa hai pale Kikogwe, Pangani, ni 62 tu. Kutoka kwenye hiyo miche 62 ndo likatoka zao lililotulisha mkoa mzima, reli, bandari, majengo ya mjini yote yale. Watafiti wa Amani na Mlingano hawakulala, wakazalisha chotara wakampa namba 11648, ambaye anatoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida kabla hajatoa mlingoti, lile shina refu la maua, na kufa. Mainjinia nao wakaboresha korona, zile mashine za kusaga majani kutoa singa, yaani nyuzi zake, zikawa zinameza lori zima la majani huku mtu anakunywa chai. Kisayansi na kiufundi hapo huna la kudai. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani 230,000 hivi, tukawa wa kwanza duniani. Kufika mwisho wa miaka ya 90 tulikuwa tunagombania tani 20,000.

Kilichotokea ni nini? Wengi watakwambia kamba za plastiki na utaifishaji wa 1967, na ni kweli, bei ilianza kuanguka katikati ya miaka ya 60 na mashamba yakabadilisha wenyewe. Ila kuna la tatu ambalo halikuwa kwenye daftari la mtafiti yeyote wa Mlingano: nani anakata huo mkonge. Zao zima lilisimama juu ya manamba, watu waliotolewa Kigoma, Kusini, hadi Msumbiji na Rwanda na Burundi, wakakaa kambini kwa mkataba wa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Uhuru ulipokuja na mishahara ikabidi ipande, na watoto wa manamba wakasoma shule, hamna aliyekuwa na hamu ya kushika kisu akachomwe na miiba tangu alfajiri kwa hesabu ya mafungu. Hilo jambo wanahistoria wameliandika, nyimbo za kambini zimelisema kabla yao, na waandishi wa riwaya na tamthilia za Kiswahili wamelichambua maisha yale mpaka ndani ya chumba cha kulala. Lakini mwenye shamba na mtafiti wake walikuwa wanasoma ripoti za mavuno tu. Alafu leo tunafufua mkonge, wakulima wadogo wapo kwenye AMCOS, vyama vyao vya ushirika, kule Korogwe, bei ikipanda watu wanakimbilia, na bado ukiuliza mpango wa wakataji utaambiwa mashine zinakuja. Hata ule mtambo wa biogesi wa Hale uliozinduliwa 2008, uliojengwa utumie yale mabaki ambayo ndio karibu jani lote (singa ni asilimia chache tu), uhandisi wake ulisifiwa dunia nzima kama wa kwanza wa aina yake. Sasa jiulize mbona hatujaona mitambo kama hiyo kila penye korona. Jibu hulipati kwenye bakteria wa kuozesha, linahusu nani anamiliki nini, umeme unauzwa kwa nani kwa bei gani, mambo ambayo ni ya watu wa uchumi na sheria, ndio haohao Mzumbe tunaowakunjia uso.

Malaria nayo ipo hivyohivyo, ila yenyewe ina habari njema ndani yake. Miaka ya 80 pale Muheza watafiti walijenga vibanda vya majaribio vya kupima vyandarua vilivyotiwa dawa. Ukielezewa kazi yenyewe unaweza ukaidharau: mtu analala kibandani usiku kucha, sakafu imetandikwa kitambaa cheupe, madirishani kuna mitego, asubuhi wanaingia wanaokota mbu mmojammoja, wanawapanga, waliokufa huku, waliokunywa damu huku, waliotoka nje bila kunywa huku. Kuokota mbu tu. Lakini hesabu kama zile ndizo zilizoisaidia dunia kuamini chandarua cha dawa, na leo watoto wangapi Afrika nzima wanalala ndani yake. Halafu ikaja chanjo ya malaria, ile RTS,S, majaribio makubwa ya mwisho yalianza 2009 kwenye vituo 11 vya nchi saba, watoto zaidi ya 15,000, na vituo viwili kati ya hivyo ni Korogwe na Bagamoyo. WHO ikaipitisha Oktoba 2021. Ya pili, R21, iliyopitishwa Oktoba 2023, nayo ilipita Bagamoyo. Hiyo ni heshima ambayo hatuitangazi vya kutosha, tunatangaza urojo tu.

Sasa fikiria yule mama wa Korogwe anaombwa damu ya mtoto wake. Pwani hii, toka enzi za ukoloni, kuna habari za mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu wakaiuze, na wengine wakiwahusisha na magari mekundu ya zimamoto, na gari lolote geni likiingia kijijini na boksi la barafu nyuma basi habari zinaamka upya. Daktari aliyesoma baiolojia peke yake atasema huo ni ujinga, atarudia maelezo kwa sauti kubwa zaidi. Lakini wanahistoria waliokusanya hizi habari Afrika Mashariki walionyesha kwamba hazikuwa upuuzi mtupu, zilikuwa namna ya watu kuongelea kazi za kulazimishwa, dawa za kulazimishwa, na wageni wanaochukua bila kusema wanapeleka wapi. Ukishalijua hilo namna yako ya kuomba damu inabadilika: unakaa na wazee kwanza, unaeleza inapimwa wapi, unarudisha majibu kwa mwenye damu, unakubali kuulizwa. Kama mama hakuamini huna mtoto wa kumchanja, na kama huna mtoto huna chanjo, hata maabara yako iwe ya dhahabu.

Tuje kwenye hoja za upande wa pili, maana ziko zenye uzito. Ya kwanza ni ya pesa. Nchi haina fedha ya kufadhili kila kitu, walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi mashuleni, madaktari bingwa ni wa kuhesabu, kwa hiyo ukiwa na shilingi moja ipeleke pale ambapo upungufu unaua mtu. Hii hoja naikubali, sina pa kuipinga, na ndo maana nimesema skolashipu haina tatizo. Mtu anayetaka kuigawanya sawasawa sayansi na sanaa ili tu kuwe na usawa anaongea siasa. Ila angalia hoja inasema nini na haisemi nini. Inasema tuwape kipaumbele wanafunzi wa sayansi kwenye kusoma. Haisemi kwamba maswali ya utafiti yanayohitaji watu wa aina nyingine yafutwe, wala haisemi injinia asome miaka minne bila kukutana hata siku moja na mtu anayejua ardhi ya kijiji inarithiwaje. Hayo yameongezwa na watu wa kijiweni.

Ya pili ni kwamba utafiti wa sanaa unaishia kabatini. Nayo ni kweli, tena nitaiongezea nguvu: maktaba zetu zimejaa tasnifu za dhamira katika riwaya fulani, zikifuatiwa na dhamira katika riwaya nyingine ya mwandishi huyohuyo, na ukifunika jina la kitabu huwezi kuzitofautisha. Lakini wenzetu wa sayansi nao wasicheke sana. Tafiti ngapi za tathmini ya uelewa wa wakazi wa kata fulani kuhusu ugonjwa fulani zimefanyika, dodoso lilelile, majibu yaleyale, mapendekezo ni elimu itolewe? Kabati halichagui kitivo. Tatizo lile ni la usimamizi na la kukopi na la kukosa swali, na dawa yake ni kudai maswali bora pande zote.

Ya tatu ndo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndo inayopendwa: kwamba kusoma fasihi sio utafiti, ni mtu kusoma hadithi na kutoa maoni yake, hamna kipimo, kila mtu yuko sahihi. Anayesema hivi hajawahi kukaa na mswada. Chukua utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku kwetu, aliousimulia ile vita ya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani hii, vita ya 1888 na 1889 ambayo kiongozi wake Bushiri bin Salim aliishia kunyongwa Pangani. Tenzi kama huo umepita mikononi kwa hati za Kiarabu, mtu ananakili kwa mtu, na kila mwenye kunakili anakosea kidogo, mwingine anarekebisha pasipotakiwa. Unajuaje palipoharibika? Kuna kipimo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vinafunga kwa kina kimoja na cha nne kinarudi kwenye kina kinachokimbia utenzi wote. Ukikuta kipande kina mizani saba, hapo silabi imedondoka. Ukikuta kina kimevunjika, hapo mtu kachomeka neno lake. Unachukua nakala ya pili, ya tatu, unalinganisha makosa ili ujue ipi imezaa ipi, na hiyo kazi ya kufuata makosa yanayorithiwa ndiyo hiyohiyo anayofanya mtu wa jeni anapojenga ukoo wa viumbe. Na ukimaliza unapata nini? Unapata ushahidi wa vita ile kutoka kwa mtu wa Mrima mwenyewe, wakati upande mwingine wote umejaa ripoti za maofisa wa Kijerumani waliokuwa wanaandika ili wapandishwe cheo. Ukiifunga kozi ya fasihi miaka kumi, kitakachoharibika ni hicho, utabaki na ushahidi wa mshindi tu na hutajua kama kuna kitu umepoteza. Na tusisahau huyu ni mkoa wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 akafanya ukarani wa forodha, na ambaye Kiswahili chake ndicho tunachofundishia watoto mashuleni hadi leo.

Nisionekane nasifia upande mmoja. Watu wa Kiswahili na historia nao wana kiburi chao, wanaikimbia sayansi kama ukoma. Bado ziko nyumba Pangani na Tanga zina karatasi za mababu kwenye masanduku, mchwa na unyevu wa bahari vinazila, na kuzinusuru unahitaji mtu wa kemia ya karatasi, mtu wa kamera na kompyuta, sio mhadhiri wa nadharia peke yake. Hizi programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi zinaboronga Kiswahili cha pwani, na kuzirekebisha kunahitaji mtaalamu wa fonolojia akae meza moja na mtu wa hisabati. Wangapi wako tayari? Wengi wakiona fomula wanaomba udhuru.

Silikanti nimwongelee kwa ufupi tu maana kila mtu kamsikia. Samaki aliyedhaniwa katoweka zama za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini 1938, sisi kuanzia 2003 hivi wavuvi wetu wakaanza kumtoa kwenye jarife, zile nyavu za kina kirefu, Kigombe na Mwambani. Watafiti wa Japani wakafanya kazi ya jeni na wenzao wa hapa, mwaka 2011 wakaonyesha kwamba hawa wa kaskazini mwa Tanzania wanatofautiana kijeni na wenzao, na hifadhi ya bahari ilishatangazwa tangu 2009. Safi sana. Ila aliyemleta samaki juu ni mvuvi, na aliyeambiwa baada ya hapo asitege jarife pale ni mvuvi, na utafiti wa huyo mvuvi atakula nini ulikuja nyuma ya ule wa jeni kama mtu aliyechelewa harusi.

Kwa hiyo turudi Mkinga na bomba. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, na mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo inabidi yapashwe joto la nyuzi 50 hivi njia nzima. Kazi ya uhandisi ya kutisha, sikatai. Lakini waulize watu wa Chongoleani wamebishana na mradi kuhusu nini, hutasikia hata mmoja anataja nta. Utasikia fidia, minazi, makaburi ya wazee yahamishwe vipi, nani wa kusaini shamba la ukoo, wavuvi wapite wapi. Bomba likishakamilika ajira zake za kudumu zitakuwa chache, na tukijaza kampasi nzima watu wa mafuta tutakuwa tumerudia kosa la Mlingano, mavuno mazuri na hakuna aliyeuliza la pili.

Ninachotaka tuibane kampasi nacho ni hiki. Kijana wa shahada ya pili anayefanya utafiti ndani ya mkoa awe na wasimamizi wawili wa fani tofauti, mmoja wa Mlingano au NIMR, mwingine wa sheria, uchumi, historia au Kiswahili, na wote wawili wasaini. Kila utafiti uliofanyika wilayani uache ripoti fupi ya Kiswahili pale halmashauri, isomeke na diwani na mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu saivi watafiti wa Tanga ndo wale wa waja leo waondoka leo, gari linaingia, boksi linajaa, kwaheri. Hiyo haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala sheria mpya. Mtafiti akishapata kibali COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, bado anapita kwa katibu tawala wa mkoa na wa wilaya kuomba barua ya kumtambulisha, na hiyo barua inaweza kuongezewa sharti moja kuanzia wiki ijayo.